Mfumo wa Dakika Kumi na Mbili

Kila asubuhi ya likizo, Dilfuza alifagia kibanda cha baba yake cha kutengeneza kompyuta, kando ya soko la mji wa Namangan, akachemsha chai, kisha akamsikia baba akimuuliza mteja swali lake lilelile: "Humu ndani kuna kitu ambacho kikipotea utalia?" Baada ya jibu, baba, fundi Bahrom, alinakili kila kitu pembeni, ndipo akaweka mfumo mpya wa kompyuta. Kazi ilimeza nusu siku, na wateja walinuna.

Vijana wa kibanda cha jirani waliweka mfumo kwa dakika kumi na tano, tena kwa kejeli. "Baba yako kobe! Akimaliza, kompyuta itakuwa imeota mvi!" Maneno hayo yalimchoma Dilfuza, msichana wa miaka kumi na mitatu.

Alhamisi, baba alipokwenda kuswali adhuhuri, Kochkor mpiga mieleka alileta kompyuta yake iliyokuwa ikijikokota, akaiacha. Dilfuza hakumuuliza lolote. Alichomeka diski yenye mfumo ulio tayari, akaubandika juu ya vyote vilivyokuwamo. Dakika kumi na mbili tu! Baba aliporudi akamuuliza, "Ulinakili vitu vyake?"

"Ndiyo, baba," akajibu, huku akianza kupakia programu nyingine.

Kochkor akarudi, akatafuta ndani ya kompyuta yake, uso ukamwiva. "Video ya mama yangu iko wapi? Alinibariki siku ya harusi yangu, haukupita mwezi akafa!"

"Ipo kwenye nakala, kaka. Dilfuza, itoe."

Dilfuza alirudi nyuma hadi ukutani.

"Wezi nyinyi!" Kochkor alimkamata fundi mshipi kwa mikono miwili, kama ulingoni, akamwinua na kumbwaga mezani. Meza ikavunjika, vioo vya skrini vikapasuka. Vijana wa jirani walikuja kuamulia, wakarushwa nje kama magunia. Damu ilimtoka fundi mdomoni.

"Binti yangu hasemi uongo!" alisema, na kwa kauli hiyo akala ngumi nyingine.

Dilfuza alijirusha katikati yao. "Ni mimi! Nimefuta vyote! Sikunakili kitu, nimemdanganya baba!"

Ngumi ilibaki hewani. Baba alitambaa juu ya vioo, akachomoa waya wa umeme wa kompyuta ya Kochkor. "Kila programu inayopakiwa inakanyaga kilichofutwa," akahema. "Tungechelewa kidogo tu, kwisha habari. Kaka, nipe siku mbili."

Kwa siku mbili baba na binti waliokoa vipande vya video, kimoja baada ya kingine. Video ilirudi ikiwa imekatika mwanzo, lakini mama alionekana akiinua mikono kuomba dua. Kochkor alilia kama mtoto, akamwomba fundi radhi, akatengeneza meza kwa mikono yake.

Alipoondoka, Dilfuza alisema, "Nisamehe, baba. Haraka yangu imekuponza."

Baba aligusa mdomo wake uliovimba. "Haraka ilifuta video, na video tumeipata. Kilichonibwaga mezani ni uongo, mwanangu. Ukikosea, niambie mapema. Mimi nilipigwa nikikutetea."