Jambazi wa Gwakisa Hafi

"Hapa jamaa anasema, msinipige, mimi nilishika tochi tu. Mpunga wa Madibira mlibeba ninyi."

Banda zima la video pale Mbalizi likaangua kicheko. Gwakisa, maikrofoni mkononi, alikuwa anaitafsiri sinema ya majambazi wa Kichina papo kwa papo, na watu walimpendea hivyo vionjo vyake. Kwenye skrini, jambazi akala risasi na kudondoka darajani.

"Hajafa, wazee. Kazimia tu. Atafungwa, atatoka, ataoa."

"Kafa huyo, acha kutuuzia maneno," mteja mmoja akalalamika.

Tekla hakucheka. Alikuwa amekuja kutoka Iringa kumsalimia shangazi yake, ingawa shangazi alishajua vizuri anayesalimiwa ni nani. Watu walipotoka, akamfuata mchumba wake.

"Gwa, kwa nini hukumuua?"

"Si sinema tu, mama."

"Jambazi ni jambazi. Ningekuwa mimi ningemmaliza mapema. Baba yangu anatembelea fimbo kwa sababu ya watu kama wale."

Gwakisa alilijua hilo. Mzee Anania alikuwa mlinzi wa duka, wezi wakamvunja mguu kwa nondo. Kijana akakunja waya wa maikrofoni, akaukunjua, akaukunja tena.

"Na sauti ilikutetemeka. Mchina gani anaijua Madibira?"

"Nimechoka tu, Tekla. Twende nikusindikize."

Kesho yake Tekla akarudi Iringa, roho haijatulia. Hajavua hata viatu, ujumbe ukaingia: "Nimemwambia mshenga asije Jumamosi. Yule mwenye tochi ni mimi. Tulivunja ghala la mpunga kule Madibira, nikafungwa, nikamaliza kifungo. Mzee hatanikubali. Ndaga, asante kwa yote."

Tekla akakaa kitandani. Alitaka kumtukana, alitaka kumkumbatia, na yote mawili yalimuuma. Akapiga simu.

"Mlinzi wa ghala mlimfanya nini?"

"Hatukumgusa. Aliamka, tukakimbia, mimi nikadakwa."

"Na ukanificha muda wote huu?"

"Kila nikitaka kusema namkumbuka mzee na ile fimbo. Nikasema bora nikukose mapema."

"Kwa hiyo Mchina unamhurumia, mimi unaniacha kwa meseji?"

Gwakisa akaanza kuomba radhi, Tekla akamkatiza.

"Sikia. Panda basi, uje umwambie baba kwa mdomo wako. Usipokuja, hapo ndipo utakuwa umekufa kwangu."

"Akinifukuza?"

"Atakuwa amekufukuza. Lakini uje."

Akaja. Mzee Anania alikuwa nje anaota jua, na mama alikuwa jikoni. Gwakisa akachuchumaa mbele ya mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekuja kabla ya mshenga?"

"Kuna neno, baba. Nilikuwa mwizi."

Akasema yote, tochi, ghala, jela, bila kujitetea. Tekla alisimama mlangoni. Aliujua ukali wa baba yake. Hata taarifa ya habari ikimtaja mwizi, mzee alikuwa anazima redio.

"Huyu binti alikwambia mimi ni nani?"

"Aliniambia."

"Na bado ukaja."

"Ndiyo, baba. Ukisema niondoke, naondoka."

Mzee akaupapasa mguu wake mbovu.

"Waliofanya hivi walikamatwa. Wakafungwa, wakatoka. Mmoja nakutana naye sokoni, anavuka barabara asinione. Miaka yote hii namsubiri aje aseme neno moja tu. Hajaja."

Gwakisa akainamisha kichwa.

"Nisamehe, baba. Siyo mimi, lakini nisamehe."

Mzee akageuza uso. Mabega yakamtikisika kidogo. Tekla hakuwahi kumwona baba yake akilia, akaogopa kusogea.

"Mama Tekla," mzee akaita. "Lete ulanzi tunywe. Na kiti."

"Kiti cha nani?"

"Cha mkwe wako. Amechuchumaa muda mrefu."

Tekla akaziba mdomo kwa khanga. Pumzi aliyokuwa ameibana tangu Mbalizi ikatoka yote, na machozi nayo. Mama hakuelewa chochote, lakini kiti alikileta.