Jina Lililorukwa

Kila asubuhi, kulipokucha, Janeffer alikuwa amekwisha kamua ng'ombe, amepeleka maziwa barabarani na kufua nepi za mjukuu wake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya majani. Kila siku kabla ya kwenda kuchuma chai, jirani yetu huyu alichukua wavu wenye mpini mrefu akaopoa majani ya mikaratusi yaliyoangukia bwawa la ndugu yake. Si kazi ngumu. Ni kazi ya kipuuzi tu kwa mwanamke ambaye katika jiko lake mwenyewe maji yaliletwa na punda.

Nyumba yenyewe wanaijua wote upande wetu wa Chepilat. Iko juu ya mashamba ya chai, na ukipita barabarani ukungu ukiwa umeondoka utaona vioo vyake. Aliijenga Kipkurui, ndugu mdogo wa Janeffer, mkandarasi wa barabara huko Nairobi. Nyuma yake alichimba bwawa la kuogelea, na pembeni mwa bwawa, juu kidogo, akaweka jakuzi, birika la duara la kuogea kwa starehe. Pampu moja ilihudumia yote mawili. Ilinyonya maji kupitia tundu lililokuwa chini ya jakuzi, ikayapitisha kwenye chujio na kuyarudisha jakuzini, nayo yakafurika ukingoni na kumwagikia bwawani. Yakazunguka hivyo mchana kutwa, usiku kucha.

Pampu ikizimwa, jakuzi lilianza kukauka lenyewe. Maji yalishuka polepole kwa sauti kama ya mtu anayemeza. Fundi alisema vali ya kuzuia maji yasishuke imekufa. Kipkurui hakuibadilisha.

"Wacha izunguke tu," alisema kwa simu. "Ikisimama inakuwa kijani. Nani atanunua nyumba iko na maji kijani?"

Ndiyo, alitaka kuiuza. Mke wake alifia humo.

Aliitwa Eddah Apiyo, binti wa watu wa ziwani, mcheshi, mwenye nywele ndefu za kusuka zilizofika kiunoni. Wikendi moja Kipkurui alikuwa na wageni, na majani yalikuwa yanaziba kifuniko cha tundu la kunyonya. Maji yakawa dhaifu. Kipkurui akakifungua kile kifuniko akakitupa nyuma ya kibanda cha pampu, ili maji yaende kwa nguvu wageni wafurahi. Eddah aliingia, akaegemeza kichwa, akateleza kidogo. Tundu likashika nywele zake. Wageni walikuwa wanachoma nyama upande wa pili na muziki uko juu. Walipomwona, Kipkurui alizikata zile nywele kwa kisu cha nyama ndipo akaweza kumtoa.

Polisi waliambiwa alikuwa amelewa. Janeffer, ambaye hakuwahi kumwona Eddah akionja pombe, alikuja kukiona kile kifuniko nyuma ya kibanda, skrubu zake zikiwa zimefungwa vizuri kwenye leso ya ndugu yake. Alikirudisha mahali pake kwa mkono wake. Alipomuuliza Kipkurui Eddah alikufaje, alikatiwa simu.

Mabaya zaidi yalitoka kwa mama yao, ambaye wajukuu wote humwita Kogo, yaani bibi.

"Hakuna ng'ombe wa mahari aliyeenda kwao," Kogo alisema. "Huyo si mke. Hatazikwa hapa."

Kwao Eddah nako, mwanamke aliyeolewa hana kaburi kwa babake. Walikuja na pikapu, wazee, kofia mikononi. Shangazi yake mmoja alikwenda mpaka kando ya jakuzi. Kisha akamwambia Janeffer kwa sauti ya chini, "Mmemwacha bila mlango." Wakaondoka naye. Watu walisema alizikwa nje ya ua, penye magugu.

Baada ya hapo Kipkurui hakulala tena katika nyumba ile. Alimpa Janeffer kazi ya kuitunza, naye akahamia chumba cha wageni kando ya bwawa pamoja na binti yake Winny. Ndoa ya Janeffer ilivunjika zamani, na Winny alikuwa na mimba isiyo na mwenyewe. Chumba kilikuwa na maji moto. Mwanamke aliyechoka haulizi mengi kuhusu chumba chenye maji moto.

Winny alijifungulia hospitali kule Bomet, mtoto wa kike, mzima, mwenye vidole virefu. Walipofika nyumbani Kogo alikuwa anawangoja na vikongwe wawili wa jirani. Pasta angekuja Jumapili. Lakini kabla ya pasta kuna kurenet, na hiyo hata mama wa kanisa haachi. Wanawake wazee hutaja wafu wa ukoo mmoja mmoja, huku wakimtazama mtoto. Jina likitajwa naye akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi.

Mvua ya alasiri ilikuwa inapiga mabati na stima ilikuwa imepotea. Pampu kimya. Nje, jakuzi lilikuwa linameza maji yake.

"Taprandich," Kogo aliita.

Kimya.

"Taptuwei."

Kogo alimwekea ugoro kidogo puani kwa ncha ya kidole. Mtoto alikunja uso tu.

"Huyu ni mkaidi kama mamake," kikongwe mmoja alisema, wakacheka. "Ama anangoja chai?"

Waliita mpaka sauti zikakauka. Waliita wa upande wa baba wa Kogo, waliita hata mzee mmoja mwizi wa mbuzi. Kogo akafungua mdomo kutaja mwingine. Hapo stima ikarudi. Pampu ikashtuka, mabomba yakakohoa hewa, maji yakaanza kuzunguka.

Mtoto akapiga chafya.

Vikongwe wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

"Tapsabei," Kogo alisema haraka. "Ni Tapsabei amekuja."

"Mama, hukuwa umemtaja."

"Nilikuwa nimemtaja kwa roho."

"Kwa roho?"

"Janeffer, leta chai."

Jina likiwa limekosewa, mtoto hulia siku nzima mpaka aitwe upya. Kila mtu analijua hilo. Huyu hakulia. Alilala macho wazi, ameelekeza uso dirishani, kwenye maji. Janeffer aliosha vikombe akijiambia kwamba mtoto asiyelia ni baraka. Hakuamini hata neno moja.

Stima ilipotea tena wiki hiyohiyo, mchana, Janeffer akiwa anamenya viazi. Pampu ikanyamaza. Maji yakaanza kushuka. Glo. Glo. Kutoka chumbani akamsikia Winny.

"Mama. Mama, njoo."

Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu. Kifua kilipanda, kikakwama, kikashuka. Janeffer alimgeuza, akampiga mgongoni, akamfyonza pua kwa mdomo wake kama alivyowafanyia watoto wake wote. Hakukuwa na kamasi. Ladha aliyoipata mdomoni ilikuwa ya dawa. Ile dawa ya kutia bwawani.

Stima ikarudi. Pampu ikaunguruma. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akawa mwekundu, akapiga miayo.

Daktari aliyeitwa nyumbani alimpima na kusema mapafu ni safi. Akawaachia dawa ya mafua. Janeffer akajaribu kuwahamishia Winny na mtoto kwenye jiko lake la zamani, mbali na nyumba ile. Hawakufika getini. Kadiri sauti ya maji ilivyofifia nyuma yao, ndivyo mtoto alivyolegea mgongoni. Wakarudi mbio.

Kuanzia hapo Janeffer alinunua petroli kwa pesa za kuchuma chai. Mawingu yakikusanyika tu, aliwasha jenereta ya Kipkurui ikae tayari. Alipolazimika kuizima pampu asafishe kikapu chake cha kunasa majani, alifanya haraka haraka, akihesabu sekunde huku Winny akiimba ndani ili ajue mtoto bado anapumua. Alipomaliza, mikono yake ilinuka klorini na petroli. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Pasta angeomba, Kogo angemlaumu Winny, na maji yangebaki kuzunguka.

Lakini maji yalianza kudhoofika. Kikapu kilikuwa safi, tundu lilikuwa safi, na bado kila asubuhi yalitoka kidogo kuliko jana. Kitu fulani kilikuwa kinakua ndani ya bomba. Pumzi za mtoto nazo zikawa fupi.

Jumamosi Kipkurui akaja. Mnunuzi alikuwa njiani. Alisimama juu ya jakuzi na viatu vyake vya ngozi.

"Maji yanatoka kama mkojo wa mzee. Kuna kitu imeziba."

"Usizime," Janeffer alisema.

"Nitafunguaje pampu bila kuzima? Siku hizi wewe ndiye fundi?"

"Ukizima mtoto anakata pumzi. Nimeona kwa macho yangu. Ngoja nikueleze."

Kipkurui alicheka. "Wewe ulimaliza sekondari, Janeffer. Usiniletee mambo ya kijiji."

"Kipkurui. Nimekiona kile kifuniko."

Kicheko kikaisha. Alimtazama dada yake jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyekula kuku. Kisha akaingia kibandani akashusha swichi.

Kimya.

Glo.

Janeffer alikimbia ndani. Winny alikuwa ameshika mtoto mikononi. Janeffer akamnyakua, akatoka naye mpaka ukingoni mwa jakuzi. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye chai. Kogo naye alikuwa amefika, na fimbo yake.

Kipkurui alikuwa amepiga magoti mbele ya pampu. Amefungua kifuniko cha kikapu. Alikuwa anavuta nywele.

Nywele za kusuka, za rangi ya kahawia nyekundu. Alivuta na kutupa nyuma yake kwenye saruji. Akavuta tena. Rundo likafika gotini. Nywele za kichwa kimoja zingekuwa zimeisha. Hizi hazikuisha.

"Ni uchafu tu," alikuwa anasema. "Uchafu tu. Uchafu tu."

Glo. Glo. Maji yalikuwa yamefika katikati. Mtoto alikuwa wa buluu mpaka kucha.

"Mama, mwite," Janeffer alisema.

"Nimwite nani?" Kogo aliuliza.

"Unamjua."

"Mtu wa ziwani haitwi kwenye boma hili. Hata kaburi hana hapa."

"Ndiyo maana amekuja kwa mlango huu! Mwite!"

Kogo alifunga mdomo. Aliufunga kabisa, kama mtoto anayekataa uji. Mbele yake kitukuu chake kilikuwa kinakufa, na yeye akafunga mdomo.

Janeffer akainamisha uso karibu na ule mdogo.

"Eddah," aliita.

Hakuna.

"Apiyo."

Hakuna. Mtoto alikuwa mzito sasa. Maji yalikuwa yamebaki kitakoni tu, yakizunguka juu ya tundu.

Janeffer akajua kinachokosekana. Akalisema taratibu, wote wasikie.

"Eddah Apiyo. Mke wa nyumba hii."

Chafya ilitoka kwenye bomba.

Nzito. Ya majimaji. Ya mtu mzima.

Halafu mtoto naye akapiga chafya. Akalia. Alilia kwa mara ya kwanza tangu aletwe nyumbani, kilio kikubwa cha hasira, na Winny akaanguka chini akilia naye.

Kipkurui hakugeuka. Alikuwa bado ameshika zile nywele, lakini hakuwa anazivuta tena. Zilikuwa zinarudi ndani. Zilipita kati ya vidole vyake, taratibu, kisha kwa kasi, na mkono ukaanza kuzifuata. Mpaka kifundo. Mpaka kiwiko. Kisha zikamwachilia. Rundo lote lilikuwa limeingia. Kwenye saruji palibaki maji tu.

Swichi ilikuwa bado chini. Maji yakapanda yenyewe mpaka ukingoni, yakafurika, yakamwagikia bwawani.

Kipkurui aliondoka bila kufunga mlango wa gari. Mnunuzi hakuja, au alikuja akarudia getini, hakuna anayejua. Mkono wa Kipkurui una alama nyembamba zilizosokotana kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko, na hata jua likiwaka anavaa shati la mikono mirefu. Nyumba ipo. Madirisha yanaanza kuota kuvu. Janeffer alikodi vijana wakavunja jakuzi kwa nyundo, wakakata mabomba na kujaza udongo. Akarudi kwenye jiko lake na punda wake, pamoja na Winny na mtoto.

Mtoto anaitwa Apiyo. Watu wanashangaa Wakipsigis wametoa wapi jina hilo, na Janeffer hawaelezi. Kogo hamtaji. Husema tu "yule," na "yule" anapoingia, Kogo hutoka.

Apiyo anatembea sasa. Ni mnene na mtundu. Anapumua kama watoto wengine, stima iwepo isiwepo, na Janeffer alikuwa ameanza kulala usingizi wa kawaida.

Juzi, kabla ya giza, alimwogesha kwenye karai jikoni, kama kila siku. Akamtoa, akamfunga taulo, akamketisha kwenye kigoda. Akageuka kuchukua mafuta.

Alipoangalia tena, maji ya karai yalikuwa yanazunguka.

Alidhani ni mtikisiko wa mguu wa mtoto. Akangoja yatulie. Hayakutulia. Yalizunguka polepole, upande mmoja, povu la sabuni likikusanyika katikati. Pale katikati pakabonyea.

Glo.

Karai halina tundu. Janeffer alilinunua mwenyewe, analijua. Alisimama na chupa ya mafuta mkononi, akiyaangalia maji yakipungua mpaka yakaisha yote, na chini ukabaki msuko mmoja mrefu wa nywele.

Akaliinua karai. Sakafu chini yake ilikuwa kavu.