Gauni la Malkia wa Disko

Gauni lilikuwa limelowa jasho kwapani, na mwenye nalo ana miaka thelathini kaburini. Fundi cherehani alilinusa, akakunja uso. Jasho bichi, na nyuma yake marashi makali ya mwanamke anayependa kutazamwa. Jana alilifua kwa mkono wake, akalianika mpaka likakauka kau. Leo saa nne asubuhi limelowa tena.

Akampelekea mwongozaji aliyemwajiri ashone mavazi ya filamu ya maisha ya marehemu, mwimbaji wa disko. Mwongozaji huyo watu walimwita Tausi kwa mavazi yake: koti la manyoya la zambarau kwenye joto lile, viatu vya visigino, pete hadi dole gumba.

"Baba, hili lina mwenyewe. Niache nishone jingine mfano wake."

"Mama yangu, kamera haidanganywi!"

"Na aliyekufa je?"

Tausi alicheka mpaka kitambi kikatikisika na pete zikagongana. Fundi akalikunja gauni akarudi nalo, asije akamharibia mjukuu wake: ndiye atakayelivaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi hiyo. Binti alichukuliwa kwa sura tu; sauti alikuwa nayo ya chura. Wimbo ungetoka kwenye kanda, yeye achezeshe mdomo.

Saa sita taa zimewaka, mpira wa vioo unazunguka, zipu ya gauni ikakatika mgongoni mwa binti.

"Mshonee humohumo mwilini," Tausi akaamuru.

Fundi alifundishwa tangu aliposhika sindano: nguo haishonwi ikiwa mwilini mwa mtu. Lakini watu ishirini walikuwa wakimtazama, akaona haya kuitwa mshamba. Akashona.

"Bibi, linabana," mjukuu akanong'ona. "Linabana kama limenikumbatia."

"Vumilia, dakika tano tu."

Binti akapanda jukwaani, akaimba. Sauti nzito, ya moshi, ya mwanamke aliyezoea kuinua watu vitini. Tausi akabubujikwa na machozi ya furaha. Mtu wa mitambo ya sauti akainua mkono.

"Bosi... kanda sijaiwasha."

"Kamera isizimwe!"

Na wimbo ukaendelea, na marashi yakajaa ukumbini mpaka koo zikawasha, na taa zikawa zinafifia na kuwaka kwa mdundo ambao hakuna aliyeupiga, na binti akageuka taratibu juu ya visigino ambavyo asubuhi vilikuwa vikimwangusha, na macho yaliyomtazama fundi kutoka kwenye uso ule aliouosha tangu uchanga hayakumjua hata kidogo.

Fundi akapanda na wembe wake wa kufumulia.

"Niache, fundi," sauti ikasema kinywani mwa mjukuu. "Mwili huu umenikaa vizuri."

"Umekukaa, lakini una mwenyewe. Na mwenyewe ana bibi."

Tausi akamdaka mkono. "Mama, nakusihi, dakika mbili! Hatutampata tena!"

"Na mimi wangu nikimkosa, utanishonea mwingine?"

Akamsukuma, akaanza kukata. Uzi wa kwanza, binti akapiga yowe. Wa pili ulitoka una joto na unyevu kama mshipa. Fundi hakubembeleza. Wa mwisho ulipokatika, gauni likaanguka chini, na binti akasema, "Bibi, nina kiu." Sauti mbaya ileile. Fundi akacheka kidogo.

Akamfunika shuka, akamkokota hadi mlangoni. Hapo ndipo wimbo ulipoanza upya.

Wakageuka. Tausi alikuwa jukwaani ndani ya gauni, koti la manyoya liko sakafuni. Kitambi chake kilikuwa kimekwenda wapi? Kiuno kilikuwa chembamba kama cha msichana, na mgongoni kitambaa kimejifunga chenyewe, hakuna zipu, hakuna mshono. Jasho lilimtiririka. Macho yake yalikuwa yanaomba. Mdomo ulikuwa unaimba.

"Bibi," mjukuu akanong'ona, "na yeye tumfumue?"

Fundi aliutazama wembe, akalitazama gauni. Hapakuwa na uzi wa kukata.

"Tembea," alisema. "Usigeuke."