Mshono wa Puani

Mkasa huu ulimpata rafiki yangu Tapscott, mpakia mizinga wa manowari ya Kiingereza. Asubuhi ile alimshonea baharia mwenzake, marehemu Gedge, turubai la kuzikwa nalo baharini, lakini kwa huruma hakuutia mshono wa puani, ule wa mwisho unaopenya pua ya marehemu kuhakikisha kwamba maiti ni maiti kweli. Gedge akatoswa baharini.

Adhuhuri adui akawavamia, na mzinga wao ukagoma kufyatuka.

“Usifungue, Tap! Baruti ikiwa inafuka humo, tutaungua wote!” akafoka Pryor, mwenzake.

“Tukikaa tutazama, mpumbavu we!”

Taa zikazimika. Ndani ya mzinga kitu kikagonga: ngo, ngo, ngo. Tapscott akafungua. Maji ya chumvi yakammwagikia. Akapapasa palipokuwa na kombora, akashika turubai lenye mishono yake ya asubuhi. Lilikuwa tupu, na bado lilikuwa na joto.