Mtoto wa Arobaini

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Profesa huenda zahanati kumsaidia shangazi yake muuguzi. Jina hilo alibandikwa na kaka yake kwa utani, alipoanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, katika klabu ya kompyuta shuleni, likaganda. Kazi yake ni kuendesha programu inayosoma faili la XML, ambamo kila taarifa hufunguliwa na kufungwa kwa alama, lenye orodha ya watoto wa chanjo ya Jumatatu, ili wazazi watumiwe ujumbe wa simu.

Jumamosi hii programu iligoma. Ilisema kuna alama isiyofungwa vizuri, mstari wa 61. Profesa aliukodolea macho mstari huo. Uliandikwa `</mtoto>`, sawasawa kabisa, kufunga taarifa za mtoto wa fundi viatu wa pale getini. Akajaribu tena, wapi! Na nje wenzake walikuwa wakimwita kwenye mpira wa pete. Basi akafuta taarifa zote za mtoto yule, na programu ikapita; ujumbe angeutuma akirudi kutoka mpirani.

"Wote wamo?" shangazi akauliza.

"Wote," akajibu, macho chini.

Hakufika mbali. Nje ya geti, fundi viatu alikuwa akishona soli. Walisalimiana, naye akamwambia kwamba tangu asubuhi ametega sikio kwenye simu, maana mwanawe aliikosa chanjo iliyopita na safari hii hataki impite. Profesa aliona aibu hadi mpira ukamtoka akilini. Akarudi ndani.

Alieleza yote bila kuficha. Shangazi hakugomba. Alifungua nakala ya jana ya faili, ambamo mtoto yule bado alikuwemo, akamvutia kiti, akamwambia aanzie mstari wa 61 apande juu polepole. Hakupanda sana. Mstari wa 60 ulianza na `<simu>`, ikafuata namba, lakini `</simu>` haikuwepo. Na aliyeuandika mstari huo, juma lililopita akisaidia kuingiza majina, ni Profesa mwenyewe! Akacheka kwa haya, akaifunga. Orodha iliyokuwa na watoto thelathini na tisa ikawa na arobaini.

"Mashine ilikuonyesha ilipokwama, mwanangu, haikukwambia umtoe mtu," shangazi alisema. "Ukiona kosa, tafuta lilikoanzia. Likikushinda, niambie. Usilifiche, kwa sababu kuna mtu atakayeumia. Haya, nakuuliza tena. Wote wamo?"

"Wote, shangazi," Profesa akajibu, akimtazama usoni.

Akabonyeza kitufe cha kutuma. Nje ya geti, simu ya fundi viatu ikalia.