Harufu Haikutoka Kwenye Kibuyu

Kila asubuhi Kogo aliamka kabla ya wote. Aliingia jikoni, akachukua kibuyu chake, akakitikisa karibu na sikio. Akisikia maziwa yanalia vizuri ndani, alitabasamu peke yake.

Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin. Huyu alikuwa mama yake Kipkemboi. Alitoka Bomet, Kenya, akaja Bowie, Maryland, kukaa na mwanawe. Kipkemboi alifanya kazi ya kompyuta ofisini. Mkewe, Jerotich, alihudumia wagonjwa katika makao ya wazee huko Greenbelt. Binti yao, Lorraine, alikuwa na miaka tisa. Alielewa Kiswahili chote, hasa kile ambacho hakuambiwa yeye, lakini alijibu kwa Kiingereza.

Kogo alikuja na vibuyu viwili na unga wa mkaa. Kwa vitu hivyo alitengeneza mursik, yaani maziwa ya mgando yenye rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Kipkemboi aliyanywa huku amefumba macho.

Nyumba yao ilikuwa nzuri, lakini ilinuka. Siku za joto, madirisha yakifungwa, harufu ya yai viza ilijaa sebuleni. Jerotich alipiga deki. Alipuliza manukato. Alitoa taka mara mbili kwa siku. Wapi! Lorraine alikohoa na macho yalimwasha. Mashine ya kupoza hewa ilikuwa imekufa mara mbili katika miaka mitatu. Kila mara fundi alisema mabomba yake ya shaba yameliwa, akabadilisha, akaenda zake.

Jerotich alikuwa mwanamke wa bidii, lakini alikuwa na haraka ya kutafuta wa kulaumiwa. Alitazama huku na huku, macho yakatua kwenye kibuyu. Lorraine alimwambia kwamba maziwa ya Kogo yananuka moshi, na nyumba inanuka yai. Mtoto alisema kweli, ila hakuna aliyemsikiliza.

Jumapili moja walikuja wageni wa kanisani. Mama mmoja, Bridget, aliketi kwenye kochi, kisha akafunika pua kwa leso. Jerotich aliona aibu. Akacheka, akasema, "Msijali jamani, ni maziwa ya mama. Sisi tumezoea."

Wageni wakacheka. Kogo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Aligawa chai, kikombe kwa kikombe, mpaka mgeni wa mwisho. Kesho yake vibuyu vilikuwa vimeoshwa, vimekaushwa, vimefungwa kwenye kanga na kuwekwa ndani ya sanduku.

"Mama, mbona umevifunga?" Jerotich aliuliza.

"Nimekuwa mzee sana kutia watu aibu," Kogo alijibu. "Mwambie Kipkemboi anikatie tiketi. Mwisho wa mwezi nitarudi nyumbani."

Jerotich aliumia. Alimpenda mama huyu. Lakini tuseme ukweli, moyoni alipumua kidogo pia. Angalau sasa nyumba ingenukia vizuri.

Siku saba zikapita, vibuyu vikiwa sandukuni. Harufu ikabaki palepale. Siku ya nane joto lilizidi, na harufu ikawa mbaya kuliko mwanzo. Jerotich alisimama katikati ya sebule. Akaanza kunusa ukuta mmoja mmoja. Alipofika kwenye soketi nyuma ya televisheni, akasimama. Harufu ilitoka pale.

Akaketi chini. Alitamani sakafu ipasuke immeze. "Nimemsingizia mama," alijiambia. "Tena mbele za watu."

Alimweleza mumewe. Kipkemboi akampigia rafiki yake Gitau, fundi wa rangi, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui". Gitau alifika na nyundo mkononi.

"Ni hizi board za ukuta zimeharibika," alisema. "Kazi ndogo hii! Saturday nakuja na vijana wanne. By lunch tumebomoa yote. Na zile board nzima nzima msitupe. Tutajengea store ya Sunday school."

Kipkemboi alifurahi. Nyumbani Kenya watu husaidiana hivyo. Lakini Jerotich alikuwa ameshafanya haraka mara moja mwezi ule, na alijua ilimfikisha wapi.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Wacha nimuite Euphrasia."

Euphrasia aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa Mtanzania wa Bukoba, na kazi yake ilikuwa kukagua nyumba. Alikuwa na leseni ya kazi hiyo. Alikuja jioni ileile na tochi na daftari. Kabla ya kutazama ukuta wowote, alimwendea Kogo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Euphrasia hakuuachia mkono. Alikuwa akitazama bangili.

"Mama, bangili hii ni ya shaba?"

"Ni ya shaba. Naivaa kwa sababu viungo vinaniuma. Bomet ilikuwa inang'aa. Hapa imekuwa nyeusi kama chungu. Nilifikiri ni damu yangu imeharibika. Sikutaka kusumbua watoto."

Jerotich alisikia machozi yakimlenga. Miezi mitano tangu aje, mama huyu alikuwa na hofu hiyo peke yake, na yeye alikuwa akinusa kibuyu.

"Damu yako haina neno, mama," Euphrasia alisema. "Nyumba ndiyo inayoumwa. Kipkemboi, zima umeme wote."

"Stima?"

"Hiyohiyo stima."

Kipkemboi alizima swichi kuu. Euphrasia akafungua kifuniko cha soketi, akamulika ndani. Waya wa shaba, ambao ulipaswa kuwa mwekundu, ulikuwa mweusi kama masizi. Gitau alichungulia. Akashusha nyundo yake.

"Nyumba hii ilijengwa lini?" Euphrasia aliuliza.

"Elfu mbili na sita," Kipkemboi alijibu. "Sisi tulinunua miaka mitatu iliyopita."

"Sikilizeni. Kuta za nyumba hizi ni mbao za jipsamu, zile nyeupe zenye karatasi juu. Watu wa hapa huziita drywall. Nyingi ni salama. Lakini miaka ile zilitumika nyingine mbovu. Zinatoa gesi ya salfa. Gesi hiyo hunuka yai viza na hula shaba. Inaharibu mashine ya kupoza hewa, soketi, hata kengele ya moshi. Siku ya moto, kengele inaweza kukaa kimya. Watu nao huwashwa macho, hukohoa, huumwa kichwa. Mpelekeni Lorraine kwa daktari, mumweleze habari ya nyumba."

"Basi tubomoe kesho!" Kipkemboi alisema.

"Hapana. Mimi nimeona dalili tu. Vipande vya ukuta kutoka kila chumba lazima viende maabara tujue kwa hakika. Na anayekagua asiwe yule atakayelipwa kubomoa. Mtu huyo ataona ubovu hata pasipokuwa na ubovu. Mkipata jibu, nendeni ofisi ya vibali ya kaunti. Waulizeni kanuni zao, kwa sababu kila mahali pana zake. Halafu tafuteni mkandarasi mwenye leseni, awape mkataba wa maandishi."

"Na tukipaka rangi juu?" Gitau aliuliza kwa sauti ndogo.

"Gesi haizuiwi na rangi."

"Na zile board za Sunday school?"

Euphrasia alimgeukia. "Gitau, kaka yangu, unataka kuhamisha ugonjwa kutoka kwa mtoto mmoja uwapelekee hamsini? Mbao hizi hazitumiki tena. Hazichomwi. Hazisagwi kuwa mbolea ya bustani. Zinafunikwa, zinapelekwa jaa lililokubali kuzipokea, na mnapewa karatasi kuonyesha zilikokwenda."

Gitau alirudisha nyundo garini.

Jibu la maabara lilikuja: mbao zilikuwa mbovu, nyumba nzima. Kipkemboi alipata kibali, akatafuta mkandarasi. Wa kwanza alisema vibali ni kupoteza wakati. Jerotich alimfungulia mlango, akamwonyesha njia. Wa pili alionyesha leseni yake kabla hajaombwa, wakampa kazi.

Familia ilihamia kwa muda kwenye fleti ndogo Greenbelt. Gitau ndiye aliyebeba meza na vitanda kwa gari lake, huku akimweleza kila mtu habari za gesi ya salfa kana kwamba aliigundua yeye. Mafundi walitoa mbao zote. Walibadilisha soketi, swichi na kengele za moshi. Walisafisha vumbi lote, wakaacha hewa ipite siku nyingi. Ndipo wakaweka mbao mpya, na afisa wa kaunti akaja kukagua. Euphrasia alimwambia Jerotich atunze karatasi zote kwenye bahasha moja. Siku wakiuza nyumba, mnunuzi ana haki ya kujua.

Lakini kabla ya hayo yote, siku ileile lilipokuja jibu la maabara, Jerotich alikuwa amemwendea Kogo.

"Mama, nilikukosea. Nisamehe."

Kogo alimtazama. "Ulinisema mbele za watu," alisema. "Hapa tuko wawili tu."

Jerotich alielewa. "Basi usiondoke kwanza," aliomba. Tangu siku hiyo Kogo hakuuliza tena habari za tiketi.

Walirudi nyumbani mwezi wa kumi. Jumapili ya kwanza, Jerotich aliwaalika wageni walewale, Bridget akiwemo. Alifunga madirisha yote makusudi. Walipoketi, alisimama mbele yao.

"Mlipokuja hapa, nilisema nyumba inanuka kwa sababu ya maziwa ya mama. Nilisema uongo. Zilikuwa kuta. Mama alikuwa anasumbuliwa na hofu, na mimi nikawafanya mumcheke. Mama, nisamehe mbele yao."

Kogo alikuwa amesimama mlangoni, palepale pa siku ile. Bangili yake, iliyosuguliwa walipohama, ilikuwa bado inang'aa. Polepole alienda chumbani. Sanduku alikuwa amelifungua siku kadhaa kabla ya hapo, Jerotich akiwa kazini, akagandisha maziwa bila yeye kujua. Kogo akarudi na kibuyu, kimejaa.

Alipita mbele ya wageni wote, akakiweka mikononi mwa Jerotich.

"Tikisa," alisema. "Ukisikia yanalia, wamiminie. Anza na huyu Bridget."