Raheli na Faharasa ya Maneno Makubwa

Kila asubuhi ya likizo, nyumbani kwa akina Raheli pale Magomeni, kulikuwa na swali moja lisilokosa.

"Raheli! Chumvi umeificha wapi tena?"

"Sijaificha, mama. Iko kwenye lile kopo lenye picha za maua, juu ya kabati."

Raheli alikuwa hodari wa kupanga vyombo, tatizo ni kwamba alivipanga vipendeze macho. Mama yake, Mwalimu Tumaini, alipanda kwenye stuli, akashusha kopo, akaitia chumvi mihogo iliyokuwa ikichemka, akatikisa kichwa. Walikunywa chai, wakaosha vikombe, kisha wakashika njia kwenda kituo cha kompyuta.

Hapo kituoni Mwalimu Tumaini alitengeneza programu za kompyuta pamoja na vijana wawili, Mathayo na Asha. Walikuwa na maktaba, lakini isiyo na kitabu hata kimoja. Ilikuwa maktaba ya vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa. Kipande kimoja kilijumlisha hesabu, kingine kilichapa risiti, kingine kilipanga majina. Fundi akitaka kutengeneza programu ya duka au ya chama, alichukua vipande alivyovihitaji, akaviunganisha. Kila kipande kilikuwa na ukurasa wake wa maelezo ndani ya kompyuta. Sasa kurasa zilikuwa zimezidi mia mbili, na kuupata unaoutaka ilikuwa kazi ya kutoa jasho.

"Mwanangu, nataka unisaidie kutengeneza faharasa," Mwalimu Tumaini alimwambia likizo ilipoanza. "Kompyuta haijui kubahatisha. Mtu akiandika neno, inaangalia tu kama neno hilo limewekwa kwenye faharasa. Kwa hiyo soma kila ukurasa, halafu jiulize: anayeuhitaji ukurasa huu atauita nini? Ukikwama, uliza. Kuuliza si ujinga."

"Ni rahisi, mama!"

"Tutaona. Jumamosi ijayo viongozi wa chama cha wakulima wa korosho wanakuja kuangalia programu yao ya mizani. Wakiikubali, tuna kazi msimu mzima. Wakiikataa, sijui kama kituo hiki kitabaki wazi. Lakini faharasa ikifanya kazi vizuri, jina lako litaandikwa mbele ya mwongozo."

Jina lake mbele ya mwongozo! Raheli alijiona mrefu ghafla. Shuleni alikuwa wa kwanza darasa la sita katika Kiswahili, na mwalimu alikuwa amemsifu mbele ya wenzake kwa kujua maneno mazito. Nanyi mnajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Raheli hakuzisoma kurasa. Alitazama kichwa cha kila ukurasa, akakinakili, kisha akakiongezea neno zito kutoka kwenye kamusi. Ukokotoaji. Uthibitishaji. Uainishaji. Kila alipochapa neno la namna hiyo, alitabasamu peke yake.

Rafiki yake Kaniz, ambaye baba yake, Mzee Zainulabedin, alikuwa na duka la vifaa kule Mikindani, alikuja kumtembelea. Alichungulia skrini, akakunja uso.

"Shoga, 'ukokotoaji' ndiyo nini?"

"Kupiga hesabu."

"Sasa si uandike hesabu? Baba yangu hawezi kulisema neno hilo hata umpe duka zima."

Raheli alicheka. "Hii ni kazi ya kitaalamu, Kaniz. Siyo ya kuuzia misumari."

Kaniz alinuna kidogo, lakini hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Alitoa kashata mfukoni, akampa rafiki yake nusu.

Alhamisi ikafika. Mathayo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, shati limelowa jasho, hata chai hakuinywa. Mwalimu Tumaini alipita nyuma yake, akasimama.

"Mathayo, unaandika nini hapo?"

"Kipande cha kutoa uzito wa gunia, Mwalimu. Mwenyekiti wa chama alisisitiza sana. Gunia likipimwa na korosho zake, uzito wa gunia utolewe, mkulima abaki na uzito wa korosho tu. Ila hesabu zinanigomea. Hapa mkulima anapunjwa kilo nzima!"

"Lakini kipande hicho tunacho tangu mwaka jana!"

"Nimekitafuta, Mwalimu. Tazama." Akaandika *gunia*. Hakuna. Akaandika *kutoa gunia*. Hakuna. "Nikajua hatuna. Siku nzima imekwenda na maji."

Mwalimu Tumaini alifungua ukurasa mmoja mmoja hadi akaupata. Kichwa chake kilisomeka *Ukokotoaji wa Uzito Halisi*. Ndani, mstari wa pili tu, maelezo yalitaja gunia waziwazi. Aligeuka akamtazama binti yake.

"Raheli, ukurasa huu uliusoma?"

Raheli angeweza kusema alisahau huu mmoja tu. Lakini alimwona Mathayo akifikicha macho kwa uchovu, akaona aibu ya kuongeza uongo juu ya uvivu.

"Sikuusoma, mama. Sikusoma hata mmoja. Nilisoma vichwa tu, nikatafuta maneno ya kupendeza." Machozi yakamlenga. "Kaniz aliniambia, nikamcheka. Nisamehe, Kaka Mathayo."

Mathayo alishusha pumzi. "Umenichosha, mdogo wangu. Lakini umesema kweli. Haya, futa machozi, Jumamosi haitusubiri."

Raheli akaianza faharasa upya, na kwa bidii akapitiliza. Aliweka *korosho* na *gunia* karibu kila ukurasa, ili safari hii mtu asikose anachotafuta. Asha akajaribu kuandika *korosho*. Salaale! Kompyuta ikamwaga karibu kurasa zote, hata ule wa kubadilisha rangi ya maandishi.

Asha aliangua kicheko. "Sasa rangi na korosho wapi na wapi?"

"Mwanangu," Mwalimu Tumaini alisema, naye akijizuia kucheka, "nilimtaka mtu mmoja, umeniitia kijiji kizima. Kukosa ni shida, na kupewa kila kitu ni shida hiyohiyo."

Hapo Raheli alikimbia kumtafuta Kaniz. Alimwomba radhi, akamwomba msaada, na Kaniz akakubali kabla hajamaliza sentensi. Waliukokota ubao mweusi wakausimamisha karibu na kompyuta. Kila Mathayo au Asha alipotafuta neno akalikosa, neno lilikwenda ubaoni. Kisha wasichana walisoma kurasa, kweli safari hii, hadi wakapata mahali panapolifaa. Neno lililojaa kila mahali walilipunguza. Walipokuta ukurasa wa kipande cha kupunguza uzito wa unyevu, Raheli aliuliza, "Dada Asha, nyumbani kwenu mnaliitaje jambo hili?"

Asha, ambaye wazazi wake walikuwa na mikorosho kule Naliendele, hakufikiri mara mbili. "Unyevu? Nani asema hivyo shambani? Sisi tunasema zimelowa."

Raheli akaliongeza, ingawa halikuwa neno la kumfanya mtu asifiwe darasani.

Jumamosi, Mzee Josephu, mwenyekiti wa chama, alifika na wenzake wawili. Raheli na Kaniz waliwaamkia, wakaketi kwenye benchi la nyuma. Mathayo aliwaonyesha mizani, majina, risiti, na gunia likatolewa uzito wake barabara. Wazee waliitikia kwa vichwa. Raheli akaanza kupumua.

"Ni nzuri," alisema Mzee Josephu. "Lakini zikilowa je? Mvua ya kwanza ikinyesha, korosho zinakuwa nzito, tunagombana hadi kuchukiana. Kama programu hii haijui hilo, kijana, hapo bado hatujaafikiana."

Hilo halikuwa kwenye makubaliano. Mathayo akaandika neno lile lile alilolisikia kinywani mwa mzee: *zikilowa*. Hakuna. Raheli alifumba macho. Mathayo akajaribu tena: *zimelowa*.

Ukurasa mmoja ukatokea, peke yake.

Alikisoma kipande, akakiunganisha na programu, na kabla wazee hawajamaliza soda zao, mizani ilikuwa ikipunguza uzito wa maji. Mzee Josephu alipiga paja lake. "Eee! Hii sasa inaongea lugha yetu. Tunaichukua."

Kaniz alimkumbatia Raheli wakakaribia kuangusha benchi.

Wageni walipoondoka, Raheli alikwenda moja kwa moja ubaoni, akaandika *zikilowa*, akaliingiza nalo kwenye faharasa. Kisha akasema, "Mama, ukiandika jina langu mbele, andika na la Kaniz."

"Nitayaandika yote mawili," alisema Mwalimu Tumaini. "Mnakumbuka neno lililotuokoa? Halikuwa la kamusi. Mathayo alitafuta kwa maneno aliyoyapata kwa mkulima, basi nasi lazima tuyajue. Anayemhudumia mwenzake huwaza jinsi yule atakavyotafuta, si atakavyosifiwa yeye. Na hilo hulijui bila kusoma, bila kuuliza, na bila kukiri ulipokosea."

Jumatatu asubuhi mihogo ilikuwa ikichemka kama kawaida. Mwalimu Tumaini alinyoosha mkono kuvuta stuli, akasita. Chumvi ilikuwa pale pale kando ya jiko, kwenye kikopo kikuukuu kisicho na ua hata moja.